Masale ya Mwalimu Idrisa

Wasichana walikuwa wamefungamana kwenye skramu ya raga, vichwa chini na miguu imekita ardhini, na Mwalimu Idris Prosser amechuchumaa pembeni akiwakataza kusukuma kabla ya filimbi, Augustino alipotokea upande wa juu wa uwanja. Hakuingia. Alisimama nje ya safu ya masale yaliyozunguka uwanja, mikono mfukoni, akangoja. Mwalimu alipomwona alimpungia mkono aje, na hapo ndipo Augustino akavuka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Pole tena na msiba."

"Tumeshapoa. Jumamosi tunaanua tanga la mzee, ukoo utakaa kuzungumza. Na wewe uje, saa nne asubuhi."

"Nitakuja. Nije na nini?"

Augustino alimtazama kidogo, kama mtu anayejiuliza kama anataniwa. "Uje na maneno yako. Kuna habari ya mpaka wako."

Akaaga, akapanda zake mlima, akamwacha Mwalimu na filimbi mkononi. Mpaka wake upi? Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule, vyumba viwili na jiko. Mali yake ilikuwa baiskeli, vitabu na mipira kumi na moja ya raga, na kati ya hiyo mitatu ilikuwa inavuja. Joyness, nahodha wa wasichana, akauliza kutoka chini kule kwenye skramu kama wanaruhusiwa kunyanyuka, maana migongo inauma. Mwalimu akaomba radhi, akapuliza filimbi, akasahau alikuwa anawafundisha nini.

Tuseme ukweli: kuchanganyikiwa hakukuwa jambo geni kwa mtu huyu. Aliingia Moshi akiwa amechanganyikiwa, mwaka 1998, kijana wa miaka thelathini na minne aliyekuja kufundisha hisabati kwa miaka miwili tu. Mwenye nyumba wake wa kwanza mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi, alikuwa Mzee Salehe, fundi cherehani. Mzee Salehe aliposikia mpangaji anaitwa Idris alifurahi kupita kiasi, na Ijumaa ile ile akamgongea mlango akiwa na kanzu mpya mkononi. Idris alidhani ni zawadi ya kumkaribisha mgeni. Akaivaa, akashukuru, akamfuata mzee barabarani akisalimia watu, na hakuelewa anakwenda wapi mpaka alipoona viatu vimepangwa mlangoni mwa msikiti. Alikaa nyuma kwa adabu mpaka swala ikaisha, kisha njiani akaeleza kwamba Idris ni jina la kale la huko kwao Wales, na kwamba yeye mama yake ni mtu wa kanisani. Mzee Salehe alicheka mpaka akashika ukuta. Kanzu hakuichukua tena, na jina la Idrisa halikuondoka. Moshi nzima ilimwita hivyo, na hata alipohamia shule ya sekondari ya huko juu Uru, jina lilifika kabla ya begi lake.

Kwao ni kwenye bonde la mvua na makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji, na mgodi ulipofungwa Idris alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akaona wanaume wazima wamekaa vibarazani bila kujua mikono yao waiweke wapi. Kilichobaki kijijini ni kanisa siku ya Jumapili na raga siku ya Jumamosi, na wengine waliviona ni dini mbili za Mungu mmoja. Nyumbani walisema Kiwelisi. Bibi yake alimhadithia jinsi wazee wa zamani walivyovalishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama zao.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anafika Uru, anaingia darasani, anakuta mtoto amevaa kibao shingoni kwa sababu amesema Kichagga. Idris, aliyekuwa hajawahi kumpandishia mtu sauti, alikivua kile kibao, akakipeleka jikoni kwa wapishi, akakitia motoni mwenyewe chini ya sufuria ya maharage. Wanafunzi walimpenda tangu siku hiyo. Lakini na hili lisemwe: pamoja na uchungu wote huo wa lugha ndogo zilizoonewa, yeye mwenyewe alikaa mlimani miaka ishirini na sita bila kujifunza Kichagga zaidi ya salamu. Watu walimzungumzia Kiswahili kwa heshima, naye akaridhika. Uraia aliuomba akapewa, maana foleni ya kibali cha ukaazi ilikuwa imemchosha, akaapa siku hiyo akiwa na tai. Ila mambo yaliyosemwa pembeni, wazee wakigeukiana, yalimpita kila siku.

Raga aliianza na mpira mmoja uliotumwa na dada yake. Watoto walicheka: mpira gani huu una umbo la yai, na kwa nini unarushwa nyuma mtu akitaka kwenda mbele? Wazazi walidhani ni ugomvi unaosimamiwa na mwalimu. Uwanja wa shule ulikuwa wa soka, na mwalimu wa soka aliulinda kama shamba la kahawa. Chini ya shule kulikuwa na eka moja na ushee ya majani ya ng'ombe, ya jirani aitwaye Mzee Eliezeri, baba yake Augustino. Idris alikwenda kumwomba. Eliezeri akasema chezeni, majani yataota tena, na kwa miaka kadhaa ikawa hivyo, wakicheza kwa hisani tu.

Tatizo lilikuwa mistari. Chokaa ilioshwa na masika kila wiki, na watoto wakawa wanabishana kama mtu ametoka au hajatoka. Ndipo mwaka 2006 Idris akarudi kwa Mzee Eliezeri na wazo aliloliona la maana sana. Alisema ameona ule mmea wenye majani marefu unaooteshwa vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya watu, haufi, ng'ombe haugusi, unakaa kijani kiangazi chote. Je, anaweza kuupanda kuzunguka uwanja?

Mzee Eliezeri aliweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. "Masale?"

"Hayo hayo."

"Pande zote nne?"

"Pande zote nne, mzee. Ili kila mtu aone ni wapi mwisho."

Eliezeri alimtazama usoni, akaangalia chini kule uwanjani, akamtazama tena, mpaka Idris akaona aibu, akadhani ameomba miche ya bei mbaya. Kisha mzee akamwambia arudi kesho yake mchana. Aliporudi alikuta matawi yamekatwa tayari, na wazee wawili wamevaa makoti, na mbege, pombe yao ya ndizi, kwenye ndoo. Walizunguka uwanja mzima. Eliezeri alishika kila isale lisimame wima, Idris akafukia udongo, na kila kona wazee walitema mbege kidogo chini na kusema maneno ya Kichagga ambamo Idris alisikia jina lake. Alirudi nyumbani amefurahi, akamwandikia dada yake kwamba hajawahi kuona watu wanaopenda michezo kiasi hiki.

Baada ya hapo yalianza mambo ambayo hakuyaelewa, na kwa kuwa yalikuwa mazuri hakuyauliza. Akina mama wakawa wanampitia kabla ya kukata majani uwanjani, "Mwalimu, tunaomba majani," naye anawaambia kateni tu, kwa nini mnaniomba mimi, nao wanacheka, na jioni anakuta chupa ya maziwa mlangoni. Jirani akichinja, kipande kinaletwa kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mara moja aliitwa kuchimba mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani. Hakwenda kwa sababu alikuwa na mitihani ya kusahihisha, na wiki iliyofuata akaambiwa ametozwa faini ya ndoo mbili za mbege. Akalipa akicheka, akidhani ni utani wa kijiji. Mwaka uliofuata aliona afadhali aende, akachimba na wenye vihamba wenzake hadi viganja vikachubuka. Kwamba mfongo unachimbwa na wenye ardhi peke yao, hilo hakuna aliyemwambia, maana nani angemwambia mtu kitu anachokijua?

Siku ya pili baada ya Augustino kuja uwanjani, Alhamisi, alimweleza yote Mwalimu Beatrice, aliyefundisha naye hisabati, mzaliwa wa Kahe huko tambarare. Walikuwa kwenye chumba cha walimu, yeye anakunywa chai, Beatrice anapanga madaftari.

"Mpaka wangu ni upi, Beatrice?"

Beatrice aliacha madaftari. "Unanitania."

"Sikutanii."

"Mwalimu. Yale masale uliyapanda wewe?"

"Niliyapanda mimi na marehemu. Ni mistari ya uwanja."

"Mbele ya wazee?"

"Wawili. Walikuja na mbege."

Beatrice alivuta kiti akakaa, akamweleza taratibu kama anavyomweleza mtoto sehemu za desimali. Ukipanda isale na mwenye ardhi, wazee wakishuhudia, umewekewa mpaka. Hakuna karatasi inayozidi hiyo mlimani. Ule uwanja si wa shule wala si wa Eliezeri. Ni kihamba cha Mwalimu Idrisa, na kila mtu anajua, kuanzia wakata majani mpaka watoto. "Sisi tulidhani wewe ni mnyenyekevu tu," alisema, "hujidai."

Idris aliweka kikombe chini. Masale aliyajua kwa jambo moja, lile analoambiwa kila mtalii, kwamba jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Miaka kumi na minane alikuwa amepokea maziwa ya watu.

"Na Augustino anataka nini?"

"Ana vijana wawili wakubwa, hawana pa kujenga. Juu kule kihamba kimejaa migomba na makaburi. Amekwishasema wazi kwamba kama Mwalimu haudai ule uwanja, vijana watajenga pale. Ukisema ni wako, hakugusi mtu."

"Lakini sikuomba ardhi. Niliomba mistari."

"Basi nyamaza," alisema Beatrice. "Ukiulizwa, itikia kichwa. Watoto wako watacheza wapi?"

Hapo ndipo kwenye mzizi wa jambo, na Idris alilala nalo siku mbili. Akinyamaza, uwanja unabaki, wasichana wa Joyness wanaendelea, na yeye anakuwa mtu aliyechukua eka ya wajukuu wa rafiki yake kwa sababu ya ujinga. Akisema kweli, uwanja unakwenda, na raga ya Uru inakwenda nao, maana kwenye mteremko ule hapakuwa na tambarare nyingine hata ya kutandika majamvi mawili. Hakukuwa na jibu la tatu. Alizunguka uwanja Ijumaa mchana akiyaangalia masale moja moja. Yalikuwa yamemzidi kimo. Aliyaonea hasira, kisha akajionea hasira mwenyewe.

Jumamosi alikuta turubai la msiba bado limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na ukoo umekaa. Alimwamkia Mama Anyesi, mjane wa Eliezeri, aliyekaa mwanzoni amejifunika kitenge. Alimwamkia Mzee Wenseslaus, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo. Huyu alikuwa mmoja wa wale wawili waliovaa makoti. Mwenzake alikuwa amekwisha kufa. Walikula ndizi na nyama, wakamaliza habari za ng'ombe na za migomba, na zote zikaenda vizuri. Kisha Mzee Wenseslaus akamgeukia.

"Mwalimu, tumefika kwako. Kaka yangu ametangulia, mimi nipo. Augustino ana neno juu ya eneo la chini. Kabla hajasema, nakuuliza wewe mbele ya ukoo. Masale yale ya pande nne ni ya nani?"

Idris alisimama. Alimwona Augustino anaangalia vidole vya miguu yake. Alijua anatakiwa kuitikia kichwa tu, na shingo ikakataa.

"Wazee wangu," alisema, "nilikuwa sijui. Nilimwomba Mzee Eliezeri mmea wa kuonyesha mwisho wa uwanja. Ni mistari ya mchezo. Sikuwa naomba ardhi, na mtu wa kunieleza hakutokea mpaka juzi. Siwezi kusema ni yangu kwa sababu nilikosea. Naomba mnisamehe."

Mtoto aliyekuwa analia jikoni alinyamazishwa.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Wenseslaus polepole, na sauti yake ilikuwa imeumia, "mimi nilisimama kila kona, nikakuombea kwa wazee wetu, kwa ajili ya mpira."

"Ndiyo, mzee," alisema Idris, na hakuwahi kutamka ndiyo nzito kama ile.

Augustino alishusha pumzi. Hakuonyesha furaha, alikuwa mtu wa haki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bomang'ombe, aliyezoea kupima kitu kabla ya kukikata. Alisema tu kwamba kama Mwalimu mwenyewe ametamka, yeye hana la kuongeza, vijana wataanza msingi kiangazi. Mzee Wenseslaus akainua fimbo yake ili afunge neno.

"Subiri," alisema Mama Anyesi.

Alisema kwa sauti ndogo, na ikabidi wa nyuma wainame. "Siku ile Mwalimu alipokuja kuomba masale, mimi nilikuwa nakamua. Nilisikia. Alipoondoka nilimwambia baba Augustino, huyu mzungu hajui anachoomba. Akaniambia, najua kwamba hajui."

Idris alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Wenseslaus, na Wenseslaus naye alikuwa ameduwaa.

"Nikamwambia, basi mweleze. Akasema, nikimweleza atakataa. Akasema, Mwalimu amefiwa na mama yake mwezi huu, na habari imemkuta mama amekwisha kuzikwa, hata udongo hakuushika. Mtu wa namna hiyo akija mlangoni kwangu kuomba masale, kwa kujua au kwa kutojua, mimi nimwambie nini? Nimrudishe?" Alijifunga vizuri kitenge chake. "Alikupa akijua. Wewe tu ndiye ulipokea bila kujua. Kosa lako halifuti zawadi yake."

Yote yalikuwa kweli. Mama yake alikuwa amekufa mwezi ule wa masika, na Idris alisoma habari hiyo kwenye kompyuta ya kukodi mjini, siku nne baada ya mazishi. Alimwambia Eliezeri peke yake, kwa neno moja au mawili, wakati wa kuagana, na mzee alisema pole tu. Hakufikiria kwamba mtu alikwenda na pole hiyo mpaka ndani, akalala nayo, na asubuhi akaenda kukata matawi. Sasa alisimama mbele ya ukoo, mtu wa miaka sitini, akilia waziwazi na bila kitambaa. Na katika kulia kwake lilikuwepo jambo la kutisha zaidi: zawadi ile ameshaikataa, dakika tano zilizopita, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi.

"Mzee," alimwambia Wenseslaus, "naomba uniulize tena."

Wenseslaus aliwaza. Alimtazama Augustino, akamtazama mjane, akauliza kwa Kichagga kitu ambacho Idris hakukielewa, na watu wengi wakaitikia. Fimbo ikagonga chini.

"Mwalimu. Masale yale ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilipewa na Eliezeri."

"Haya. Tumesikia."

Idris hakukaa. Alikuwa bado hajui vizuri mtu mwenye ardhi huwa anasema nini, lakini alijua uwanja ule kila hatua. "Kama ni yangu," alisema, "naomba nikate. Upande wa chini, nyuma ya milingoti, kuna mita ishirini na tano ambazo tunaweza kuziacha. Tutacheza uwanja mfupi. Pale Augustino awajengee vijana wake. Nitayahamisha masale ya chini mwenyewe, wazee mkiwepo."

Watu walianza kunong'ona. Augustino alikuwa amekunja uso; alikuwa amekuja kuchukua eka nzima na amepewa kipande, na aliyempa ni mtu ambaye asubuhi ile hakuwa na kitu. Alitoa simu, akapiga hesabu za mita, akairudisha mfukoni. Nyumba mbili zingeenea, kwa kubanana.

"Sawa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu wa dukani anayekubali bei asiyoipenda. "Ila kuna kitu kimoja, Mwalimu, tukimalize leo leo, tusije tukarudi hapa kubishana. Utuonyeshe tutakuzika upande gani, ili vijana wasije wakajenga hapo."

Mwalimu Idris aliangalia nyuso moja moja, akitafuta anayetania, na hakumwona. Walikuwa wanangoja jibu kama walivyongoja habari ya ng'ombe na migomba. Akawaomba wampe muda kidogo, akatoka chini ya turubai, akateremka kwenda kupaangalia.